Ukifika Saint-Cirq-Lapopie, panda kwanza mwambani

Kwa yeyote anayekwenda kusini-magharibi mwa Ufaransa: kijiji cha Saint-Cirq-Lapopie, mashariki ya mji wa Cahors, kimejengwa kwenye ukingo wa jabali, kama mita 100 juu ya mto Lot. Wageni wengi huanza na maduka ya vichochoroni, na wakifika kanisani wanageuza. Wanakosa kitu kizuri kuliko vyote. Juu kidogo ya kanisa kuna mwamba uliobeba mabaki ya ngome ya zamani. Upande hadi kileleni.

Kutoka pale unakiona kijiji kwa juu: mapaa ya vigae vya kahawia yaliyosimama wima, yamebanana hadi unajiuliza watu wanapitia wapi, na kanisa la mawe likiwa limejishikiza ukingoni. Chini kabisa mto unajipinda katikati ya mashamba.

Nenda asubuhi na mapema, hasa Julai na Agosti. Mwaka 2012 Wafaransa walikichagua kuwa kijiji wanachokipenda zaidi, na tangu hapo umaarufu wake haujapungua. Ikifika saa tano, kupata pa kusimama ni kusukumana. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwani mawe yamelainishwa na nyayo za watu, na mvua ikinyesha yanateleza vibaya. Watoto washikwe mkono. Gari liache maegeshoni nje ya kijiji, ndani hutembei ila kwa miguu.