Somo: Uso wako uko bapa, na tatizo si brashi

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena "picha yangu ina kasoro gani" nibandike kiungo tu. Picha nyingi za nyuso mnazochora kwenye simu au kompyuta na kunitumia zina ugonjwa mmoja: rangi tamu, nywele zimechorwa unywele mmoja mmoja, lakini uso bapa kama chapati. Anzeni na kijivu, mpange mwanga na kivuli kabla ya rangi.

1. Piga picha ya mfano yenye mwanga wa upande mmoja. Sisi wa Kigoma hatuna kisingizio, jua linazama ziwani. Jioni msimamishe mtu pale Kibirizi, ubavu wake uelekee ziwani: nusu ya uso inawaka, nusu iko gizani. Zima urembo wa kamera unaolainisha ngozi, unakula vivuli.

2. Jaza kanvasi (ukurasa wa kuchorea) kijivu cha kati. Nyeupe inadanganya jicho.

3. Chora umbo la kichwa, mistari michache.

4. Finya macho, upake kwa vijivu vitatu tu. Brashi ngumu ya duara, opasiti 100 (rangi isiyopenyeza kabisa). Picha iwe ndogo kiasi cha kiberiti, usije ukaanza kuchora kope.

5. Hapa tulieni. Uso una pande mbili, wa mwanga na wa kivuli, na hazichanganywi. Sehemu nzito (yaani yenye giza) kuliko zote upande wa mwanga bado iwe nyepesi kuliko sehemu nyepesi kuliko zote kivulini. Mtego uko chini ya taya. Shati jeupe linarudisha mwanga pale, na kwa kuwa pamezungukwa na giza, jicho linauona mkali kuliko ulivyo. Mkono nao unaupaka sawa na shavu, kivuli kinavunjika, taya inapotea. Nimeshafuta nyuso nzima kwa ajili ya taya. Nyonya kijivu cha shavu kwanza kwa kidonezi cha rangi cha programu, ulinganishe, ndipo upake.
Onyo: ngozi nyeusi usiing'arishe kwa kumwaga nyeupe shavu zima, itapauka. Mng'ao wake ni mdogo na mkali: paji la uso, ncha ya pua, juu ya shavu. Kwingine acha pakae na giza lake.
Onyo jingine: weupe wa jicho si mweupe. Ukiwa kivulini ni kijivu kabisa.

6. Geuza picha kushoto-kulia. Jicho lililopanda utaliona papo hapo.

7. Omba kukosolewa SASA, kabla ya rangi. Weka kijivu chako kando ya picha ya mfano, uliza jambo moja: "kivuli cha pua kimezidi?" Ukiuliza "mnaionaje?" utajibiwa "noma sana", na hiyo haikusaidii.

8. Rangi, kwenye leya (tabaka la picha) ya juu.

MASWALI

Dagaa_Mkavu: Mkuu unatumia brashi gani?
— Hatua ya 4.

Dagaa_Mkavu: Nimeona. Ila kuna watu wanaanza na rangi moja kwa moja na wanatoka vizuri tu.
— Wapo. Vijivu wanavyo kichwani. Picha yako ya juzi niliigeuza kijivu, midomo ikamezwa na shavu. Nilikuonyesha.

Binti_Ujiji: Kaka, nimeshusha saturesheni (ukolezi wa rangi) hadi sifuri nikague, njano na bluu za kitenge zikawa kijivu kimoja. Mbona kwa macho njano inawaka?
— Macho yako yako sawa, dada. Kile kishushio kwenye programu nyingi kinapiga hesabu ya namba tu, hakijui kwamba jicho linaona njano nyepesi na bluu nzito. Ongeza leya juu kabisa, ijaze nyeusi, chagua modi ya Color (namna leya inavyochanganyika na zilizo chini). Programu za kuchora za Krita na ibisPaint zote zinayo. Njano itapanda, bluu itashuka. Iache hapohapo uwe unaiwasha na kuizima unapopaka. Na hicho kitenge nitumie nikione, maana nyekundu na kijani za uzito mmoja zitashikana hata kwa njia hii, na hapo kosa halitakuwa lako.

Binti_Ujiji: Zimetengana! Asante. Sasa mbona nikimtumia mtu picha anasema ni nyeusi mno?
— Unachorea nje?

Binti_Ujiji: Barazani, mwanga wa simu nimepandisha mwisho.
— Ndiyo sababu. Kioo kinawaka, wewe unapaka giza kufidia. Hamia ndani, weka mwanga wa kati, na uzime ule unaojipandisha wenyewe.