Namna ya kuisikiliza Slowdive, kuanzia 1990 hadi baada ya kurudi

Usianze na albamu ya kwanza. Anayeanza na Just for a Day (1991) kwa sababu tu ya tarehe yake huishia kuiona bendi nzima kuwa ukungu usio na umbo. Bendi hii ya Reading, Uingereza, ilianza 1989, ikavunjika 1995, ikarudi 2014, na inaeleweka vizuri zaidi ukiziruka tarehe mara mbili.

Kwanza vifaa. Spika ya simu haifai: besi ya Nick Chaplin hupotea, na bila besi magitaa matatu ya Neil Halstead, Christian Savill na Rachel Goswell huwa mvumo mtupu. Tumia hedifoni zinazofunika sikio, au spika mbili zilizotengana, ukae katikati. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, zima na kiongeza besi. Chagua ubora wa juu. Kbps 320 (kiasi cha data ya sauti kwa sekunde) zinatosha. Kwenye 96 mwangwi hukatika kabla haujafifia na matoazi hulegea. Sauti za waimbaji zimewekwa chini kwa makusudi, kwa hiyo usipandishe sauti kutafuta maneno. Gitaa likiingia kwa nguvu utaumia masikio.

Sasa weka Souvlaki (1993). Ina nyimbo 10, lakini toleo la Marekani lina 4 za ziada, kuanzia "Some Velvet Morning". Simamisha baada ya "Dagger". Albamu ilipangwa iishie hapo, kwa gitaa la kawaida na uimbaji wa chini, na nyongeza zile huufuta mwisho huo. Halstead na Goswell walikuwa wameachana kabla ya kuirekodi. Huzuni unayoisikia haikubuniwa. Rudia "Alison" mara tatu: mara ya kwanza fuata besi na ngoma, ya pili magitaa, ya tatu namna sauti mbili zinavyopishana. Kwenye "Sing" na "Here She Comes" kinanda ni cha Brian Eno, mwanamuziki na prodyuza wa Uingereza, aliyekataa kuwa prodyuza wa albamu lakini akakubali kufanya nao kazi kidogo. "Souvlaki Space Station" ndiyo inayoonyesha haraka kama vifaa vyako vinafaa, maana besi yake imejengwa kwa mtindo wa dabu wa Jamaika, yaani rege ya besi nzito na mwangwi mwingi.

Kisha rudi kwenye santuri fupi (EP) za 1990 na 1991. "Morningrise" na "Catch the Breeze" zinatosha kwa kuanzia.

Hapo ruka hadi albamu ya 2017 iitwayo Slowdive. Kurudi kwao kulitangazwa Januari 2014, wakapanda jukwaa la tamasha la Primavera Sound, Barcelona, mwezi Mei, na mpiga ngoma Simon Scott, aliyekuwa ameondoka 1994, alikuwamo. Nyimbo ni 8 tu. Sikiliza "Sugar for the Pill": gitaa limepunguzwa, nafasi imeachwa wazi, na wimbo hauanguki. Huo ni uamuzi wa watu waliokomaa, si wa bendi inayojaribu kuiga ujana wake.

Ndipo ufungue Pygmalion (Februari 1995), albamu iliyoivunja bendi na ambayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Creation Records, kampuni iliyotoa rekodi zao, walitaka nyimbo za pop. Wakapewa ukimya mwingi na vipande vya sauti vinavyojirudia. Muda mfupi baadaye wakaiacha bendi. Halstead na Goswell wakaenda kuanzisha bendi nyingine, Mojave 3. Usiisikilize ndani ya basi, kwa kuwa injini itaimeza. Iweke usiku, nyumba ikiwa imetulia. "Rutti" inapita dakika 10. Ikikushinda, ingia kwa "Blue Skied an' Clear" kisha urudi mwanzo.

Mwisho ni Everything Is Alive (2023). Ilianza kama rasimu za muziki wa kielektroniki za Halstead peke yake, na ndiyo maana inamfaa aliyetoka Pygmalion: mapigo ya sinthesaiza yanayofungua "Shanty" hayatamshtua. Albamu imetolewa kwa kumbukumbu ya mama yake Goswell na baba yake Scott, waliofariki 2020.

Ukipata nafasi ya kuwaona jukwaani, nenda na vizibo vya masikio na usimame karibu na meza ya fundi sauti. Mbele kabisa utasikia gitaa la upande wako tu.