Kufuatilia asili ya neno la herufi moja: ö ya Skandinavia

Kwa Kiswidi, kisiwa ni ö. Herufi moja tu. Neno fupi namna hii ni gumu kulitafutia ukoo, maana halina hata konsonanti ya kushikia.

Hatua ya 1: Kusanya maumbo. Kiswidi ö, Kidenmaki ø, Kinorwe øy, Kiaislandi ey (siku hizi zaidi eyja), Kifaroe oyggj. Ukiitafuta kwenye O hutaipata: kamusi ya Kiswidi huishia na å, ä, ö, na ya Kidenmaki au Kinorwe huishia na æ, ø, å. Andika wingi pia. Eyjar ya Kiaislandi ina j ambayo öar ya Kiswidi imeipoteza, na j hiyo utaihitaji.

Hatua ya 2: Pima sauti kwa maneno mengine. Mfanano wa neno moja hauthibitishi kitu. Chukua "moshi" kwa mpangilio uleule: rök, røg, røyk, reykur, roykur. Kisha "kusikia": höra, høre, høyre, heyra, hoyra. Norwe, Aislandi na Faroe zimebaki na irabu mbili. Uswidi na Denmaki zimeziyeyusha kuwa moja. Basi umbo kongwe ni ey ya Kinorsi cha kale, lugha mama ya hizi zote. Ndivyo tunavyolinganisha maji yetu na amazi ya Kinyarwanda na madzi ya Kichewa. Ile ggj ya Kifaroe ilizuka baadaye hukohuko. Usiipeleke kwenye mzizi.

Hatua ya 3: Shuka hadi Kigermaniki cha awali, lugha mama ya Kinorsi na Kiingereza: *awjō, "kitu cha majini". J yake ndiyo ile ya eyjar. Kinyota kinaonyesha umbo limeundwa upya na wataalamu, halijaonekana katika maandishi yoyote. Limenyambuliwa kutoka *ahwō, "maji, mto", ndugu wa aqua ya Kilatini. Na *ahwō hiyohiyo ndiyo iliyozaa å, "mto mdogo" (Kiaislandi á). Kisiwa na mto ni wa tumbo moja.

Hatua ya 4: Chuja å za bandia. Hapa ndipo wengi huteleza. Katika å spise ya Kinorwe, "kula", å ni kama ku- yetu na imetoka kwa at. Kiswidi nacho kilikuwa na å ya "juu ya", ambayo sasa imo ndani ya på (upp + å). Kipimo: å ya mto ni nomino, hivyo hupokea kiambishi cha mwisho cha "mto huo", ån kwa Kiswidi, åen kwa Kidenmaki. Zile nyingine hazikipokei kamwe.

Hatua ya 5: Hakiki kwenye ramani. Umeå na Luleå, miji ya Uswidi, zimebeba å ya mto. Aarhus, mji wa Denmaki, iliitwa Aros: á na óss, "mdomo wa mto". Tafuta tahajia zote mbili, kwa sababu Denmaki ilibadili aa kuwa å mwaka 1948, na mji huo ukarudia Aa mwaka 2011. Kwa visiwa, tazama Surtsey ya Aislandi, iliyoibuka baharini kwa volkano mwaka 1963 na kupewa -ey ileile.

Island ya Kiingereza nayo ni ya ukoo huu, ila s yake si ya kwake. Umbo la kale ni īegland. S ilichomekwa kwa kuiga isle, iliyotoka insula ya Kilatini. Iondoe kabla ya kulinganisha.