Namna ya Kutambua Upungufu wa Usingizi na Kuuondoa

Mtu anayelalamika kwamba hapati usingizi huwa katika mojawapo ya hali mbili, ambazo jina lake ni moja lakini dawa zake zinapingana. Yuko anayepanda kitandani saa saba ya usiku kwa sababu ya kazi, masomo au simu, kisha akalazimika kuamka saa kumi na moja alfajiri. Huyu usingizi anao, ila hajaupa nafasi. Na yuko anayelala mapema, akagaagaa hadi usiku wa manane bila kupata hata lepe la usingizi. Huyu nafasi anayo, usingizi ndio haumjii. Natanguliza tofauti hii kwa sababu ushauri unaomponya wa kwanza, yaani kukaa kitandani muda mrefu zaidi, humzidishia wa pili mateso.

Kabla ya kubadili chochote, pima. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku, kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Kwa muda wa wiki mbili, andika kila asubuhi saa uliyopanda kitandani, makadirio ya saa uliyopitiwa na usingizi, mara ulizoamka na saa uliyoondoka kitandani. Usitegemee hisia zako badala ya kumbukumbu hizo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, watu waliolala kwa muda wa saa 6 kila usiku kwa siku 14 walidhoofika umakini kama waliokesha usiku kucha, ilhali wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo anayesema amezoea kulala kwa muda wa saa 5 mara nyingi amezoea uchovu wenyewe, akasahau alivyokuwa kabla yake. Dalili za kuaminika zaidi ni kusinzia kila unapoketi mahali palipotulia, kutoweza kuamka bila kengele, na kulala saa nyingi mno siku za mapumziko.

Mwili huongozwa na mambo mawili. La kwanza ni adenosini, kemikali inayojikusanya katika ubongo kadiri unavyokaa macho na kukuletea uzito wa usingizi. Kafeini iliyomo katika kahawa na chai haiiondoi, bali huizuia isifanye kazi kwa muda tu. La pili ni saa ya ndani ya mwili, inayorekebishwa hasa na mwanga.

Ikiwa shida yako ni kukosa nafasi, chagua saa maalumu ya kuamka na uishike kila siku, zikiwemo siku za mapumziko, kisha toka nje upate mwanga wa asubuhi. Wahisha saa ya kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku chache, kwa kuwa mwili haukubali kuwahishwa saa mbili kwa usiku mmoja. Acha kafeini kuanzia saa nane mchana, kwani takribani nusu yake huwa bado mwilini baada ya saa 5. Usingizi wa mchana unafaa ukiwa wa dakika 20 hivi na kabla ya saa tisa alasiri. Simu ilale chumba kingine. Kuiweka chini ya mto ukiwa umejiapiza kutoigusa ni kujitafutia vita kila usiku.

Ikiwa nafasi unayo lakini usingizi hauji, kazi yako ni nyingine: kuufundisha ubongo upya kwamba kitanda ni mahali pa kulala, si pa kuhangaika. Panda kitandani pale tu macho yanapokuwa mazito. Ukiona zimepita kama dakika 20 bila usingizi, na usizihesabu kwa kutazama saa, ondoka, uketi penye mwanga hafifu ukifanya jambo la utulivu, urudi usingizi ukija. Hatua ya pili huwashangaza wengi: punguza muda wa kitandani ulingane na usingizi unaoupata kweli. Kumbukumbu zikionyesha kwamba unakaa kitandani saa 8 lakini unalala saa 6, jipe saa 6 tu, kisha ongeza dakika 15 kila wiki usingizi unapojaza sehemu kubwa ya muda huo. Wiki ya kwanza ni ngumu, nami nakusihi usikate tamaa ndani yake. Hata hivyo, mwenye kifafa, au anayeendesha gari kwa kazi yake, asijaribu hatua hii bila kusimamiwa na mtaalamu. Hatua hizi ni sehemu ya tiba ya mazoea na fikra ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kiliipendekeza itangulie dawa za usingizi kwa watu wazima. Pombe nayo si dawa: huharakisha kusinzia, kisha hukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku.

Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini amwone daktari, hata kama analala saa 8, kwa sababu njia yake ya hewa huenda inaziba mara nyingi kila usiku.

Wakati unarekebisha haya yote, usiendeshe gari ukiwa na usingizi. Kukaa macho saa 17 mfululizo hupunguza wepesi wa kutenda kiasi cha kulinganishwa na kulewa. Kufungua dirisha au kupandisha sauti ya redio hakuzuii ubongo kuzimika kwa sekunde chache. Egesha mahali salama, ulale dakika 20, na ukizinduka bado mzito, mwachie mwingine usukani.