Kupima Mchana wa Jua kwa Ufito na Kamba

Waulize wanafunzi wa darasa la tano au la sita: kivuli huwa kifupi kabisa saa ngapi? Wengi watajibu saa sita kamili, jua likiwa utosini. Usiwasahihishe. Watoe nje wapime.

Tafuta ufito mnyoofu, vigingi, kamba, futikamba na saa. Uwanja uwe tambarare, usiofikiwa na kivuli cha mti wala jengo.

Hatua ya 1. Simika ufito, mita 1 ibaki juu ya ardhi. Hakikisha uko wima kwa timazi ya uzi na jiwe, ukiutazama kutoka pande mbili. Hapa usiharakishe, ufito ukiinama, vipimo vyote vinapotoka.

Hatua ya 2. Kila kikundi kichomeke kigingi mahali kinapodhani ncha ya kivuli itakuwa saa 6:00, na kiandike sababu. Kwangu hatua hii ndiyo moyo wa somo. Mtoto aliyebashiri hulifuatilia jambo kwa jicho la mwenye mali.

Hatua ya 3. Saa 4:30 asubuhi, weka alama kwenye ncha ya kivuli. Shika kamba shinani mwa ufito, inyooshe hadi kwenye alama, uchore duara. Fanya hivyo tena saa 4:50 na saa 5:10, usije ukakosa kipimo wingu likipita mchana. Watoto waangalie ardhi tu. Jua lenyewe wasilitazame kamwe.

Hatua ya 4. Ncha itaingia ndani ya maduara, kisha itatoka upande wa pili. Weka alama na uandike saa inapogusa kila duara. Katikati ya miguso miwili ya duara moja ndipo penye mchana wa jua, yaani wakati kivuli ni kifupi kabisa: ikiwa ni saa 4:30 na saa 8:16, jibu ni saa 6:23. Kuvizia kivuli kifupi kwa macho hakusaidii sana, kwa kuwa wakati huo urefu hubadilika polepole mno.

Hatua ya 5. Unganisha alama mbili za duara moja kwa kamba. Huo ni mstari wa mashariki na magharibi.

Sasa waulize kwa nini si saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya 45° Mashariki, nayo haipiti Tanzania. Dar es Salaam iko kwenye 39° hivi, na dunia huchukua dakika 4 kuzunguka nyuzi 1. Ndiyo maana mchana wa jua Dar huangukia kati ya saa 6:07 na saa 6:37 kutegemea mwezi, na Kigoma ni karibu saa 7.

Acha ufito palepale. Kwa Dar, mwishoni mwa Juni kivuli cha mchana wa jua ni sentimeta 58 hivi kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba ni kama 30, kuelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba kinakaribia kutoweka, basi panga siku hizo kwenye kalenda ya darasa mapema.