Roboti ya mapambano ya gramu 1360: jinsi ya kuiunda na kuitunza Tanga

Roboti ya mapambano ni mashine ndogo ya rimoti inayopigana na nyingine uwanjani. Roboti nyingi za kwanza haziuawi na mpinzani. Huzimika zenyewe: waya umechomoka, skrubu imelegea, plagi imeota ukungu wa kijani. Hapa Tanga upepo wa bahari unaongeza kazi hiyo, kwa sababu chumvi yake inaingia hadi ndani ya droo. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye waya, skrubu na utunzaji, na kidogo tu kwenye silaha.

Daraja zuri la uzito la kuanzia ni gramu 1360. Ni pauni 3, kwa kuwa mchezo huu ulikulia Marekani; Uingereza daraja la karibu nalo ni kilo 1.5. Umbo la kuanzia ni kisanduku chenye kabari ya chuma mbele, kinachopenya chini ya mpinzani na kumsukuma. Silaha ya diski inayozunguka iache kwanza. Diski ya gramu 200 yenye kipenyo cha sm 12, ikizunguka mara 8000 kwa dakika, hubeba jouli zipatazo 125, sawa na mfuko wa sukari wa kilo moja ulioanguka kutoka mita 12 na ushee. Kitu hicho hakijaribiwi sebuleni wala uani. Kinahitaji uwanja uliofungwa pande zote na juu, na mtu asiyejua bado kusimamisha roboti yake hapaswi kukiwasha.

Gramu kwanza, kukata baadaye

Chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, uandike bajeti kabla ya kununua. Hii inafanya kazi, namba ya mwisho ya kila mstari ikiwa ni gramu:

- mota mbili za volti 12 zenye gia za chuma, kipenyo mm 25: 200
- magurudumu mawili ya mm 60: 80
- betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3, mAh 850: 80
- vidhibiti mwendo viwili, vya kupimia mota umeme: 30
- risiva, inayopokea amri za rimoti: 10
- waya na plagi: 40
- skrubu na nati: 60
- kuta nne za plastiki, unene mm 12, kimo mm 45: 325
- sakafu ya alumini ya mm 2, 180 kwa 160: 155
- kifuniko cha polikaboneti (plastiki angavu kama kioo) cha mm 3: 105
- kabari ya chuma cha mm 2, 160 kwa 80: 200

Jumla ni 1285. Gramu 75 zinazobaki usizigawe mapema. Risasi ya kulehemia, gundi na vibano vya waya vitazila.

Kuta zitoke kwenye ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama. Kata kipande kidogo ukitie majini: HDPE, plastiki unayoitaka, huelea; plastiki nyingine nyingi ngumu huzama. Kwenye kifuniko kuna mtego mkubwa zaidi, kwa kuwa muuza vioo anaweza kukupa akriliki ukidhani ni polikaboneti, na zote mbili zinang'aa. Omba ukanda mwembamba wa mabaki, uvae miwani, uukunje kwa plaizi. Polikaboneti hujikunja bila kuvunjika. Akriliki hukatika ghafla, na uwanjani itakatika hivyo hivyo. Chuma cha kabari utakipata kwa mafundi wa mageti, kwenye mabaki yao.

Mota na fremu

Chagua mota ya mizunguko 500 hadi 1000 kwa dakika. Kwa gurudumu la mm 60, mizunguko 1000 ni kama mita 3 kwa sekunde, na kwa uwanja mdogo mwendo huo ni mkali. Mgeni wa rimoti aanze na 500.

Shafti ya mota hizi ni fupi, mara nyingi mm 10 hadi 12, na ukuta wako una mm 12. Ukitoboa tundu la shafti tu, hakuna kitakachotokeza nje. Chimba kwanza shimo la mm 25 upande wa ndani, kina mm 9, ubakize mm 3 za plastiki. Mota inaingia humo kwa kubana, na shimo hilo hilo linapokea mapigo ya gurudumu badala ya skrubu mbili ndogo za M3 za usoni. Skrubu hizo zisiwe ndefu: ikizidi kidogo inagusa gia, na mota inanguruma bila kuzunguka. Nyuma ya mota weka kibano kingine. Mota iliyoshikwa upande mmoja tu hupindisha shafti mapema sana.

Shimo la shafti liwe katikati ya kimo cha ukuta. Hapo gurudumu linatokeza juu na chini, na roboti ikipinduliwa inaendelea kutembea.

Kwa skrubu za mbao za mm 4, toboa kwanza tundu la mm 3. Bila tundu hilo plastiki inavimba na pembe hazikutani. Kaza kwa bisibisi ya mkono. Drili huchuna uzi ndani ya HDPE, na tundu likishachunika halishiki tena. Gundi ya kufungia nati itumike chuma kwa chuma tu. Ikigusa polikaboneti, nyufa huanza kuzunguka tundu, na kifuniko kinapasuka kwa pigo dogo.

Kabari ifungwe kwa bawaba ili ncha yake ilale sakafuni wakati wote. Spoku ya baiskeli ya mm 2 ni pini nzuri ya bawaba, na Tanga spoku haikosekani. Noa upande wa juu ili ukali ubaki chini. Mpira wa ndani wa baiskeli, ukikatwa utepe na kubandikwa kwenye gurudumu, unashika mbao vizuri kuliko plastiki tupu.

Waya

Kosa kubwa hapa ni kuokoa pesa kwenye betri. Seli za laptopu kuukuu hazimudu mkondo wa ghafla. Mota zinaposukumana, volti inaporomoka, risiva inazima na kuwaka upya, na roboti inasimama sekunde mbili mbele ya adui. Tumia lipo halisi. Kidhibiti mwendo kiwe na ampea zaidi ya zile mota inazokula ikizuiwa isizunguke. Ampea za mota inayozunguka bure hazikuambii kitu.

Waya mkuu uwe wa nyuzi nyingi, wenye ganda la silikoni, karibu mm 1 ya mraba. Kila kiungo kilehemiwe, kivalishwe mpira unaosinyaa kwa joto, kisha kifungwe mm 20 kutoka hapo ili mtikiso usiishie kwenye risasi. Waya hukatikia pale risasi inapokoma, kwa sababu hapo unyumbufu wake umekufa. Kwenye miguu ya kila mota lehemu kapasita ya kauri yenye namba 104. Inapunguza kelele za umeme zinazovuruga risiva.

Weka kiungo cha usalama: plagi ndogo iliyofungwa kitanzi, inayochomolewa kutoka nje bila kufungua skrubu. Ikitoka, umeme wote unakatika. Mkono usiguse roboti kabla haijatoka.

Kisha inua magurudumu hewani, endesha mbele, uzime rimoti. Mota lazima zisimame papo hapo. Zikiendelea, weka upya mpangilio wa risiva wa kupotea kwa mawimbi, na usicheze mpaka irekebishwe.

Betri

Chaji kwa ampea 0.85, kwa chaja inayosawazisha seli, hadi volti 12.6 za betri nzima. Usishuke chini ya 3.3 kwa seli. Chini ya 3.0 seli inaharibika. Ukiiweka zaidi ya siku mbili, iache kwenye volti 11.4. Usilale wala kutoka nyumbani ikichaji. Umeme ukikatika chomoa chaja, kwa kuwa unaporudi hurudi kwa kishindo.

Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu wa ujenzi, si wa ufukweni. Betri iliyovimba imekwisha: iunganishe nje na balbu ya indiketa ya gari ya wati 21 mpaka izimike kabisa, ndipo uitupe.

Utunzaji

Baada ya kila pambano chomoa kiungo cha usalama, toa betri, gusa mota zote mbili. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kuna kinachoizuia: uzi uliojisokota kwenye shafti, jino la gia lililovunjika, au kifuniko kinachokandamiza. Vuta kila waya kidogo kwa vidole. Kaza skrubu zote. Kabari iliyopinda igongwe kwa nyundo juu ya chuma bapa. Ukiinoa kwa grenda hadi ncha igeuke bluu, joto limezidi, poza kwa maji mara kwa mara.

Chumvi nayo ina kazi yake. Skrubu ya chuma iliyokaa ndani ya alumini kwenye hewa ya Raskazoni, ufukweni mwa Tanga, hung'ang'ania, kwa hiyo zipake grisi kabla ya kuzifunga. Rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja, inakinga viungo vya risasi kwenye kidhibiti, ila isiguse pini za plagi. Pini zilizoanza ukijani zisuguliwe kwa mswaki na spiriti. Zikiwa zimeliwa, badilisha plagi nzima. Roboti ikae kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Betri iwe mbali nayo, kwenye chombo cha chuma kisichofungwa kwa kubana, na wakati wa masika fungua ndoo hiyo kila wiki uzungushe magurudumu kwa mkono.