Pesa isikwame: kulinda mzunguko wa biashara ndogo

Biashara nyingi ndogo hufungwa huku zikiuza vizuri. Faida ipo daftarini, lakini siku ya kumlipa muuzaji wa jumla sanduku ni tupu: pesa imekwama kwenye rafu na kwa wateja waliokopeshwa. Pale ambapo benki ni ngumu kukopesha, hakuna wa kuziba pengo hilo. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu faida, hesabu siku.

Chukua siku ambazo mali hukaa kabla ya kuuzwa, jumlisha siku ambazo wateja huchukua kulipa, kisha toa siku anazokuvumilia muuzaji wa jumla. Mali ikikaa siku 30, wateja wakilipa baada ya 45, na muuzaji wa jumla akidai baada ya 15, pengo ni siku 60. Ukinunua mali ya 1,000 kwa siku, basi 60,000 ziko nje muda wote. Mauzo yakiongezeka maradufu, zitatakiwa 120,000. Ndiyo maana oda kubwa huweza kuiangusha biashara iliyokuwa imara.

Kila mwisho wa mwezi, panga bidhaa kwa tarehe ya kununuliwa. Iliyolala zaidi ya siku 90 iuze hata kwa bei uliyonunulia. Inauma, lakini pesa hiyo itazaa zaidi kwenye bidhaa inayotembea. Kila mteja wa mkopo awe na kikomo na tarehe ya kulipa iliyoandikwa; mkumbushe siku tatu kabla, na akichelewa asiongezewe mali. Kazi ya oda ianze baada ya malipo ya awali yanayotosha kununua malighafi. Kwa muuzaji wa jumla, omba mali kauli, yaani uchukue mali sasa na ulipe baadaye, na ukiona utachelewa mwambie kabla ya siku kufika. Ukikaa kimya, safari ijayo atataka taslimu.

Tahadhari na punguzo. Kitu ulichonunua kwa 100 na kuuza kwa 125, ukikipunguza asilimia 10 kinauzwa 112.50. Nusu ya faida imekwenda. Ili upate ileile lazima uuze mara mbili.

Jilipe mshahara maalumu, usichote sandukuni. Kila jioni linganisha jumla ya taslimu na pesa ya kwenye simu na mauzo yaliyoandikwa, na tofauti itafutwe jioni hiyohiyo, kabla watu hawajasahau.

Mkopo wa miezi michache ni wa kununua mali, si mashine. Mashine hurudisha pesa polepole, na marejesho ya mkopo yataula mtaji. Uliza pia riba inahesabiwaje. Asilimia 20 kwa mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo, ukilipa kwa awamu 12 sawa za kila mwezi, inakaribia asilimia 35 ikihesabiwa kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu. Omba ratiba ya marejesho kwa maandishi, ujumlishe mwenyewe ada na bima zote kabla ya kusaini.